Mwanangu ameitwa kuimba na mizuka: je, nimruhusu?

"Mtaalamu, tunaishi Uingereza na mwanangu ana miaka 11. Anaimba katika kwaya, na mwezi uliopita mwalimu wake alimpeleka kwenye usaili wa The Turn of the Screw, opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, akachaguliwa kuwa Miles, mvulana wa kisa hicho. Kitabu chake nilikisoma zamani nikiwa chuoni, nikakimaliza nisijue kama mizuka ilikuwapo kweli au ilikuwa kichwani mwa yule mlezi wa watoto anayeisimulia. Sasa nimeitazama opera yenyewe kwenye video na nimeshtuka, maana mle mizuka inasimama jukwaani na kuimba, inamwita mtoto kwa jina, na mtoto anaitika. Mama yangu, aliyeko Tanga, anasema mchezo wa namna hiyo ni kuita pepo, na ule wimbo wa 'Malo' anaouimba mtoto anausikia kama maneno ya uganga. Mwanangu anaitaka sana nafasi hii. Lakini mwaka jana alifiwa na babu yake waliyependana mno, na bado kuna siku hulala taa ikiwaka. Je, opera imekiharibu kitabu? Je, kuna madhara kwa mtoto, kwa moyo wake na kwa sauti yake? Nimruhusu?"

Dada yangu, umeuliza maswali mawili kana kwamba ni moja. La kwanza ni la sanaa: je, wale mizuka wapo? La pili ni la mzazi: je, mwanangu atakuwa salama? Nitaanza na la kwanza, kwa sababu ukielewa hofu ya opera hii inakaa wapi, utaelewa pia ni kiasi gani cha hofu hiyo kinamgusa mtoto anayeimba, na ni kiasi gani kinatugusa sisi tuliokaa vitini.

Kwa ajili ya wasomaji wengine, kisa chenyewe ni hiki. Henry James, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alikitoa mwaka 1898, kwanza kwa sehemu katika jarida la Collier's Weekly. Binti mmoja wa kasisi anaajiriwa na bwana wa London kuwafundisha na kuwalea wapwa zake wawili yatima, Miles na Flora, katika nyumba kubwa ya shamba iitwayo Bly, kwa sharti kwamba asimsumbue bwana huyo kwa jambo lolote lile. Miles anarudishwa kutoka shuleni kwa kosa ambalo halitajwi waziwazi. Kisha mlezi anaanza kumwona mwanamume mnarani na dirishani, na mwanamke ng'ambo ya ziwa. Msimamizi wa nyumba, Bi Grose, anamfahamisha kwamba sura anazozieleza ni za Peter Quint, aliyekuwa mtumishi wa bwana, na Bi Jessel, mlezi aliyemtangulia, ambao wote wamekwisha kufa. Kisa kinaishia kwa Miles kukata roho mikononi mwa mlezi. Yote haya tunayapata kwa kalamu ya mlezi mwenyewe, wala hakuna mtu mwingine kitabuni anayekiri wazi kwamba ameona alichokiona yeye. Ndiyo maana mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson alidai kwamba mizuka haikuwapo kabisa, kwamba ni matamanio ya mlezi yaliyofukiwa na kuibuka kwa sura nyingine, na wasomaji wamegawanyika tangu hapo. Hukuwa msomaji mzembe ulipokimaliza bila jibu. Mwandishi alikusudia uwe hivyo.

Mtunzi wa muziki Mwingereza, Benjamin Britten, alikisikia kisa hiki redioni mwaka 1932, akiwa kijana wa miaka 18, na hakikumtoka. Opera yake, kwa maneno yaliyoandikwa na Myfanwy Piper, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 1954 katika ukumbi wa La Fenice, Venice. Tatizo lao unaliona mwenyewe. Kalamu inaweza kuandika "nilimwona" na kutuacha tushuku, lakini jukwaani ama mtu amesimama ama hakusimama. Zaidi ya hayo, kitabuni mizuka haisemi hata neno moja. Wangeweza kukwepa kwa kuwapa miguno ya mbali nyuma ya pazia, jambo ambalo kila mtu angelitarajia. Britten alikataa: alitaka waimbe, na waimbe maneno. Mwanzoni mwa kitendo cha pili Quint na Bi Jessel wanazungumza peke yao, bila mtu hai yeyote kuwapo, na waliotazama wengi wamesema, kama unavyosema wewe, kwamba hapo mjadala umefungwa na shaka imeuawa.

Mimi sikubaliani nao. Mara tu mizuka wanapoondoka katika onyesho hilohilo, anabaki mlezi peke yake, akiimba kwamba amepotea katika tata za mawazo yake asijue njia ya kutokea. Maonyesho hayo mawili yameunganishwa kuwa moja, na mwongozaji makini anaweza kukufanya uamini kwamba mazungumzo uliyoyasikia yalikuwa ni fikra za mwanamke huyo aliyekosa usingizi. Shaka haikufa, ila imehama. Kitabuni tunauliza, "Je, anachokiona kipo?" Katika opera tunauliza, "Sauti hii ninayoisikia ni ya nani?" Imetoka machoni ikaingia masikioni, na hapo ndipo kazi ya Britten inapostahili kusikilizwa polepole.

Parafujo iliyotajwa kwenye jina la kisa imo ndani ya muziki wenyewe. Baada ya utangulizi, okestra inatoa kiini kimoja cha noti 12, yaani noti zote zilizopo katika muziki wa Magharibi, kila moja mara moja, kwa mpango ambao hata asiyesoma noti anaweza kuufuata: panda nne, shuka tatu, panda nne, shuka tatu. Kwa sababu kila mara unapanda zaidi kidogo ya unavyoshuka, wimbo unajisokota kwenda juu kama parafujo inayokazwa kwenye mbao. Opera ina maonyesho 16, na kabla ya kila onyesho linalofuata lile la kwanza kiini hicho kinarudi kikiwa kimegeuzwa sura, mara 15, pazia kwa pazia. Katika kitendo cha kwanza ufunguo wa muziki unapanda onyesho baada ya onyesho. Katika cha pili unateremka hadi ulikoanzia. Msikilizaji hatambui kwa akili, ila anabanwa kifuani asijue ni nini kinachombana. Na noti hizo ni mali ya nyumba nzima: zinapita katika nyimbo za walio hai na za wafu vilevile, hivi kwamba huwezi kunyoosha kidole ukasema huu ni muziki safi na huu ni mchafu. Kwa maoni yangu hiyo ni shaka kubwa kuliko ya kitabuni.

Hapa nimjibu mama yetu wa Tanga, kwa heshima, kwa sababu sikio lake limesikia jambo la kweli. Katika ngoma za pepo za pwani yetu kila pepo ana wimbo wake na mdundo wake, na bila huo hapandi. Britten naye amempa kila mzuka mlio wake. Quint anapokaribia unasikia selesta, kinanda kidogo chenye milio kama ya kengele za kioo, kizuri kiasi cha kumfanya mtu atamani kukifuata. Bi Jessel huja na mlio wa upatu mkubwa na sauti za chini zilizofifia. Okestra nzima ina wapigaji 13 tu, kwa hiyo kila mlio unatambulika. Lakini tofauti ni kubwa. Katika ngoma ya pepo muziki unakusudiwa kumfikia pepo na kumpandisha kichwani mwa mtu aliye mbele yako, na kuna mganga, kuna ubani, kuna sababu ya kumwita. Katika opera muziki unamwelekea mtazamaji aliyekata tikiti. Anayeimba Quint ni mwimbaji wa kiume aliyekula chakula chake cha jioni, anayehesabu mizani huku akimtazama kiongozi wa okestra kwa pembe ya jicho. Hakuna anayeitwa ila Miles, na Miles ni jina la kwenye karatasi.

Ama ule wimbo wa "Malo", si uganga hata kidogo. Ni ubeti wa kukariri Kilatini, wa aina waliyokuwa wakifundishwa wavulana wa Kiingereza ili wasisahau kwamba neno moja lina maana nne: ningependelea, kwenye mtofaa, kuliko mtu mbaya, na katika shida. Nasi tungeweza kuwatungia watoto wetu ubeti kama huo kwa neno "paa", ambalo ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, ni kuruka juu, na ni kuondoa magamba ya samaki. Miles anauimba katika onyesho la somo, mbele ya mwalimu wake, kama mwanafunzi yeyote. Britten amekuwa mwerevu tu kuuwekea wimbo wa huzuni isiyo na sababu, hivi kwamba mlezi anashangaa mtoto ameutoa wapi. Mwishoni kabisa mlezi anauimba wimbo huo akiwa amempakata mtoto aliyekufa, na katikati yake anauliza, "Tumefanya nini baina yetu?" Hasemi ni baina ya yeye na nani. Na Quint, au na mtoto mwenyewe? Swali hilo nimelisikia mara nyingi na bado hunisisimua.

Sasa tufike kwa mwanao. Mwaka 1908, akiandika dibaji ya kisa hiki, Henry James alieleza kwamba hakuutaja uovu wa mizuka kwa makusudi, ili msomaji aufikirie mwenyewe, kwa kuwa kila mtu atajaza nafasi hiyo kwa yale anayoyaogopa zaidi. Opera imefuata njia hiyohiyo. Bi Grose anadokeza kwamba Quint alivuka mipaka na kila mtu nyumbani, hata na mtoto, lakini hakuna tendo linaloonyeshwa wala kutajwa. Mtu mzima anayasikia maneno hayo na damu inamwenda mbio, kwa sababu anajua dunia. Ndivyo kilivyokupata wewe mbele ya video yako, na ndivyo ilivyopasa kuwa. Mtoto wa miaka 11 anayejifunza sehemu yake anakutana na vitu vingine kabisa: wimbo wa kuchezacheza na dada yake, ubeti wa Kilatini, mshumaa wa kuzima, barua ya kuiba mezani, onyesho ambamo anajifanya kupiga piano huku mpigaji wa kweli akiwa kwenye okestra. Hata Quint anapomwita usiku, ahadi zake ni za farasi asiye na mpandaji, Mfalme Midas na dhahabu yake, na siri. Watoto wengi niliofanya nao kazi hulipenda onyesho hilo kuliko yote. Hofu imo katika okestra na katika vichwa vyetu. Mtoto amepewa nyimbo nyepesi aziimbe kwa unyofu, na akiziimba kwa unyofu hofu yetu huongezeka.

Nisikufiche, kuna mahali ambapo kinga hiyo inapungua. Mwishoni mwa kitendo cha kwanza Miles anamwambia mlezi kwamba yeye ni mbaya, na anamtaka akubali. Na katika onyesho la mwisho anavutwa pande mbili na watu wazima wawili wanaopaza sauti juu yake, analitaja jina la Quint kwa ukelele, kisha anaanguka na kufa. Mtoto hawezi kufanya hayo bila kuelezwa kitu, na mwongozaji anayesema "we imba tu, usijali maana" simwamini, kwa sababu mtoto asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, na maelezo ya giza la chumbani aghalabu ni mabaya kuliko ya mchana. Anastahili maelezo ya kweli yanayolingana na umri wake: kwamba Miles ni mtoto aliyefiwa na wazazi, ambaye watu wazima wawili wanamgombania, na hakuna anayemuuliza anataka nini.

Kuhusu sauti, nina wasiwasi mdogo kuliko unavyodhani, mradi masharti yafuatwe. Opera huimbwa bila kipaza sauti, lakini okestra ya watu 13 haimlazimishi mtoto kupiga kelele ili asikike, na kazi nzima haifiki saa mbili, tena Miles hayupo jukwaani muda wote. Uliza kama kuna watoto wawili wanaopokezana zamu. Ukumbi makini huwa nao. Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na nyororo, na kinachoziumiza ni kuimba akiwa na mafua, kufanya mazoezi kwa sauti kamili siku baada ya siku, na kile kilio cha jina la Quint kikitolewa kwa kukwaruza koo. Hicho afundishwe na mwalimu wa sauti ana kwa ana, si kwa kuiga video. Akipata ukavu wa sauti usioisha kwa wiki mbili, au akilalamika maumivu anapoimba, asimamishwe na apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa miaka 11 huenda bado ana nafasi kabla ya sauti kuanza kuwa nzito, lakini mwandae kwa hilo pia. David Hemmings, mtoto wa kwanza kuimba nafasi hii mwaka 1954 akiwa na miaka 12, alisimulia ukubwani jinsi sauti yake ilivyomponyoka katikati ya "Malo" mbele ya watazamaji wa Paris, mwaka 1956, pazia likashushwa. Baadaye akawa mwigizaji mashuhuri wa filamu, kwa hiyo haukuwa mwisho wa dunia, ila naamini kwa mtoto jukwaani ulionekana hivyo.

Kinachonifanya nisikujibu "ndiyo" papo hapo ni sentensi yako moja, ile ya babu na taa. Wewe uliitaja karibu na mwisho. Mimi naiweka mbele ya mizuka yote. Mtoto aliyefiwa karibuni anaombwa afe jukwaani jioni kadhaa mfululizo, na baada ya kila jioni arudi nyumbani kulala. Kwa baadhi ya watoto jambo hilo limekuwa dawa, kwa sababu wanaanguka, kisha taa zinawaka, wanainuka, wanashikana mikono na yule aliyekuwa Quint na kupigiwa makofi, na kifo kinapata umbo ambalo wanaweza kulishika. Kwa wengine limekuwa kidonda kilichotoneshwa. Siwezi kukuambia kwa barua mwanao ni wa kundi gani, na ambaye hajakaa naye hawezi pia. Kabla ya kutia saini lolote, zungumza na mwalimu wake wa darasa, anayemwona kila siku, na umwombe daktari wenu wa familia akuelekeze kwa mshauri wa watoto waliofiwa. Usimuulize mtoto kama anaogopa, kwa sababu anayeitaka nafasi atasema haogopi. Muulize anadhani Miles alikufa kwa nini, kisha nyamaza umsikilize. Akikueleza habari za Miles, ni dalili njema. Akianza kukueleza habari za babu yake, mshukuru, mkumbatie, na mpeleke kwa mshauri kwanza. Nafasi hii itatafutiwa mtoto mwingine, na opera hii haiachi kuchezwa.

Mshauri akikuruhusu, mimi ningemruhusu. Ningeomba nionane na mwongozaji mapema na nimuulize waziwazi mtoto ataguswa na nani jukwaani, vipi, na nani atakuwa naye nyuma ya pazia. Kwa sheria za Uingereza mtoto kama wako huhitaji kibali cha halmashauri mnakoishi, na hatakiwi kukaa ukumbini kupita saa tano usiku. Msindikizaji aliyeidhinishwa na halmashauri hatakiwi kuangalia watoto zaidi ya 12, na wewe mzazi unaweza kumsindikiza wako mwenyewe. Ukiona watu wa ukumbi wanakerwa na maswali haya, mtoe mtoto, hata kama muziki wao ni mzuri namna gani. Omba pia jambo moja ambalo si la sheria ila limenisaidia kila mara: siku ya kwanza ya mazoezi, mwimbaji wa Quint ajitambulishe kwa mtoto kwa jina lake halisi, wale pamoja, na mtoto amtazame akipakwa rangi za usoni mwanzo hadi mwisho. Baada ya onyesho waagane tena kwa majina yao ya kweli.

Na bibi yake Tanga, usibishane naye kwenye simu. Mwanao akishajifunza "Malo", amwimbie mwenyewe, kisha amfasirie zile maana nne. Halafu amwombe bibi naye amtungie ubeti wa "paa".